Kipande Nilichokiacha

Nilikuwa na miaka kumi na minane mwalimu wangu wa piano aliposema kwamba mwaka ule niingie mashindano. Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo, anafunga dirisha la chumba cha mazoezi katika shule ya muziki niliyokuwa nasoma, katikati ya Stockholm. Kisha akaja akaketi kwenye kiti chake cha pembeni, akaanza kuzungumza habari za vipande.

Mtu asiyepiga piano hudhani mashindano huanza siku unapopanda jukwaani. Huanza miezi mingi kabla ya hapo, pale unapoamua utapiga nini. Masharti yenyewe hayakuwa magumu kuyaelewa. Raundi ya kwanza ilitaka sehemu moja ya sonata, kazi ndefu ya piano, kutoka zama za watunzi wakuu wa Vienna, kipande kimoja cha kuonyesha wepesi wa vidole, na kipande kimoja cha hiari. Waliovuka hapo wangepiga programu ndefu zaidi, na ndani yake lazima iwemo kazi ya mtunzi wa Kiswidi. Programu yote ilitakiwa iwafikie waandaaji kabla Januari haijaisha, na ikishawafikia haibadilishwi tena.

Mwalimu wangu alikuwa Mswidi aliyekaribia kustaafu, mwanamke mrefu, nywele zake nyeupe zimekatwa fupi. Kwa kawaida alisema machache, lakini juu ya kuchagua vipande alikuwa na mengi. Aliniambia nisichague kipande kwa sababu tu nakipenda, maana mapenzi hutetemesha mikono. Nichague kile ambacho mikono itakikumbuka hata ikiwa imeingiwa na baridi. Nisifungue kwa kishindo, kwa sababu mwanzoni majaji huwa bado wanapanga karatasi zao. Akanishika kiganja akakipima kwenye kiganja chake. Mikono yangu ni midogo. Funguo nane naunganisha kwa raha, tisa kwa taabu. Basi vile vipande vikubwa vya Kirusi nilivyokuwa nimeviota tangu utotoni vikawekwa kando siku ile ile, kimya kimya.

Sonata tuliipata haraka, kwa kuwa nilikuwa nayo moja iliyokwisha kukomaa. Kipande cha wepesi kilituchukua muda, tukijaribu hiki na kile, mpaka tukakubaliana juu ya kimoja kinachokimbiza mkono wa kushoto. Kuhusu kipande cha hiari hatukubishana hata kidogo. Kilikuwa kipande kifupi cha polepole nilichoanza kujifunza mwishoni mwa kiangazi. Kinaanza na sauti moja ya chini inayorudiwa, juu yake wimbo unashuka taratibu, na katika ukurasa wa tatu mikono inapishana na wimbo unahamia ndani, kwenye vidole gumba, huku vidole vingine vikiendelea na shughuli zao kama havijui kinachotokea. Hapo ndipo nilipokuwa naanguka kila siku.

"Hapo ndipo utakapowashika," mwalimu alisema. "Wenzako wote watakuja kukimbia. Wewe utakuja kusikiliza."

Nilifanyia mazoezi nyumbani, katika kitongoji cha Tensta, ghorofa ya nne, ambako niliishi na mama. Mama alinileta kutoka Tanga nikiwa na miaka sita, na tangu tulipofika amekuwa akihudumia wagonjwa katika nyumba ya wazee huko Spånga. Piano yetu ilikuwa ya wima, iliyochakaa rangi, tuliyopewa na kanisa moja lililokuwa linahama jengo. Ilikaa sebuleni, imeegemea ukuta wa ndani, kwa sababu ukuta wa nje una dirisha na kipasha joto, na joto huiharibu piano. Nyuma ya ukuta ule wa ndani walikaa majirani zetu.

Walikuwa mume na mke, wazee, Waganda. Walikuja Sweden kama wakimbizi wakiwa bado vijana, baada ya kukaa miaka Nairobi, na Kiswahili chao kilikuwa cha Nairobi. Mke aliongea kidogo kidogo, akichanganya na Kiingereza. Mume alikipenda Kiswahili na alikitumia na mama yangu kila walipokutana kwenye lifti. Mimi nilikuwa nawaamkia shikamoo. Yule mzee alikuwa akicheka kidogo kabla ya kuitikia marahaba, kwa sababu, alisema, huko alikojifunzia lugha hiyo hakuna aliyewahi kumpa heshima hiyo. Watoto wao walikuwa watu wazima: wa kiume alikaa Tumba, wa kike Sundbyberg, wote pembezoni mwa Stockholm. Jumapili wazee walitoka wamevaa vizuri kwenda kanisani, na mama yangu, Mwislamu asiyekosa swala, alikuwa akiniita dirishani nimtazame bibi alivyopendeza.

Tulikuwa tumekubaliana nao saa za kupiga piano: tangu nirudipo shuleni mpaka taarifa ya habari ya jioni. Kwa miaka yote ile hawakuwahi kugonga ukuta.

Vuli ile bibi aliumwa. Mama alijua zaidi kuliko mimi, maana wagonjwa ndiyo kazi yake. Aliniambia ni ini, kwamba hospitali wamefikia mwisho wa uwezo wao, na kwamba bibi ametaka awe nyumbani, wauguzi wamfuate huko huko. Mama alikuwa akimpelekea uji wa mchele na kukaa naye kidogo kabla ya kwenda zamu. Nikamuuliza kama ninyamazishe piano. Alikwenda kuwauliza, akarudi na jibu kwamba bibi amesema niendelee. Nilifarijika, wala sikuuliza zaidi.

Alifariki Novemba, siku ya kazi, alasiri, saa ambayo nje kunakuwa kumekwisha kuwa giza. Nilikuwa kwenye piano, kwenye ukurasa wa tatu. Sikusikia lolote kutoka upande wa pili. Mama aliporudi kazini alikuta viatu vingi nje ya mlango wa jirani. Akaingia kwetu na koti lake mwilini, akaja mpaka pale nilipokaa, akakifunga kifuniko cha piano kwa mikono yake mwenyewe.

"Bibi ametutoka," akasema. "Sasa hivi, mchana huu." Kisha akatoka, akaenda kwao.

Siku zilizofuata nyumba ile ilijaa watu. Walikuja Waganda kutoka Tumba, Wakongo wa kanisani kwao, Wakenya waliosoma na binti yao, Mrundi mmoja aliyewahi kufanya kazi na mzee. Waliokutana kwa mara ya kwanza walizungumza kwa Kiswahili, kila mmoja na chake, na Wakongo wakatia Kifaransa pale walipopungukiwa. Wajukuu waliulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiswidi. Mimi nilipitisha chai na kuosha vikombe. Mazishi yenyewe yalikuja baada ya wiki kadhaa, kama ilivyo kawaida ya huku. Mama na mimi tulikaa viti vya nyuma kanisani, tumejitanda mitandio yetu, na aliponiona nalia alinishika mkono mpaka ibada ikaisha.

Mwezi mzima wa Desemba nilipiga piano shuleni tu. Ilipofika Januari mama alisema sasa naweza kufungua kifuniko, maana mzee mwenyewe alimwambia kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Nilianza na sonata. Nikasikia redio yake kwa mbali, kikohozi chake, kiti kikivutwa. Nikamaliza, nikaanza kile kipande cha polepole. Sikuwa nimefika mbali niliposikia mlango wake ukifunguliwa na kufungwa, na lifti ikishuka.

Siku ya pili ikawa vile vile. Siku nyingine nilipoanza kipande nikasikia mlango, niliacha kupiga nikaenda dirishani. Nilimwona akivuka uwanja wa chini, kofia yake ya manyoya imemfunika masikio, anatembea kwa hatua fupi fupi juu ya barafu kuelekea madukani. Hakuwa na mfuko wala fimbo. Nikarudi nikapiga sonata mpaka giza likaingia, na aliporudi nikamsikia anavua viatu.

Nilimweleza mama. Yeye hapendi mambo ya kubahatisha. Jumamosi alimwalika mzee chai.

Alikuja amevaa suti ya kijivu, akaketi mezani jikoni, akasifu maandazi ya mama, akauliza habari za kazi. Halafu, bila kuulizwa, akayaingia mazungumzo aliyoitiwa. Alijua kwa nini ameitwa.

"Mama watoto alikuwa amelala chumba cha huku," alisema, akionyesha kwa kidevu ule upande wa sebule yetu. "Muuguzi alisema tumhamishe chumba cha balkoni, kuna mwanga. Akakataa. Alisema huku kuna piano."

Mama aliweka birika chini.

"Ile siku alikuwa hasemi tena. Mimi nimemshika mkono. Na binti anapiga. Anafika mahali, anasimama, anarudi nyuma. Anafika, anasimama, anarudi. Na mama watoto pia, pumzi yake ni hivyo hivyo. Nikawa nasema ndani ya roho, leo huyu binti apite tu. Akipita pale..." Hapo akageuza kikombe chake kwenye kisahani. "Sasa nikisikia ile wimbo, mimi niko kile chumba tena. Si makosa yako, binti. Ni wimbo mzuri. Nimesema tu mjue kwa nini natoka, msifikiri nimekasirika."

Alimaliza chai yake. Alimshukuru mama kwa Kiswahili na mimi kwa Kiswidi, akaenda zake.

Mama aliosha vikombe kwa muda mrefu. Alipozungumza hakunigeukia. Alisema yeye hajui muziki, lakini anavyosikia vipande vya piano duniani ni vingi, na mzee yule ni mmoja, na nje kuna barafu. Nikamwambia naweza kukifanyia mazoezi shuleni, huko hakimsumbui mtu. Akasema vizuri, fanya hivyo.

Nilijaribu. Shuleni vyumba vya mazoezi vilikuwa vya kugombania, lakini nilipata kimoja cha pembeni, kisichopakana na mtu. Nilianza kipande, sauti ya chini ikajirudia, wimbo ukashuka vizuri. Nilipofika ukurasa wa tatu nikasimama. Vidole havikuwa na tatizo. Kwa wakati ule vilikuwa vimekwisha kuijua ile sehemu. Nilisimama kwa sababu nilikuwa nasikiliza pumzi. Nikarudi nyuma nikaanza tena, na nilipotambua kwamba nafanya kile kile alichokisimulia mzee, nafika, nasimama, narudi, niliondoa mikono nikaikalia.

Siku ya somo nilimweleza mwalimu yote. Sikuwahi kumwambia mambo ya nyumbani kabla ya hapo, na nilitafuta maneno ya Kiswidi kwa taabu, kwa kuwa mambo yale yote yalikuwa yamesemwa kwa Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama naweza kukipiga. Nikasema sijui.

"Ningekuwa mimi nachagua, kingebaki," alisema. "Nimekaa meza ya majaji, najua watakachokumbuka. Ukikiondoa, programu yako itakuwa nzuri tu, na programu nzuri tu ziko nyingi. Lakini hili sitakuchagulia." Akainuka, akaanza kukusanya karatasi za noti, kisha akasimama nazo mkononi. "Na ukikiondoa, usimwambie jirani yako. Ukimwambia umekiondoa kwa ajili yake utakuwa umemtwika mzigo mwingine."

Nilifikiri wiki nzima. Ndani ya treni kwenda shuleni nilikuwa nazipitia programu mbili kichwani, moja na kipande kile, nyingine bila hicho, na nikasikia kwa masikio ya ndani jinsi ile ya pili ilivyokuwa nyepesi katikati. Nilijua hasara yangu. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na mbili ili siku moja niwe na kitu cha kusema kwenye piano, na kitu chenyewe kilikuwa kile. Lakini pia nilijua kwamba nikikaa mbele ya majaji na kufika ukurasa wa tatu, nitakuwa nawapa kifo cha mtu mwingine wakipime. Hilo ndilo lililoamua. Barafu haikuamua, wala maneno ya mama, ingawa yote yalikuwemo.

Mahali pake niliweka kile tunachokiita tofauti, wimbo mmoja wa kitoto unaorudiwa kila mara kwa sura nyingine, kazi ya zamani ya kuchangamka, niliyokuwa nimeipiga nikiwa na miaka kumi na sita. Ilikuwa kazi safi isiyomsumbua mtu. Mwalimu aliisoma programu, akaitia sahihi, ikapelekwa.

Februari ile mzee hakutoka tena. Redio yake ilikuwa ikiwaka kwa mbali, mimi narudia zile tofauti na sonata na kipande cha mkono wa kushoto, na mama akasema angalau sasa kuna amani. Kisha, alasiri moja mama akiwa nyumbani, mlango ukagongwa. Alikuwa mzee, amevaa koti na kofia kama mtu anayekwenda mbali. Hakutaka chai. Alisimama sebuleni akaitazama piano.

"Ile wimbo ya polepole," alisema. "Umeiacha?"

Nilimkumbuka mwalimu. Nikasema mashindano yamekaribia, na kipande kile hakimo.

"Kilikuwemo. Mama yako aliniambia zamani, kilikuwemo."

Nilimtazama mama, mama akatazama chini. Sikuwa na uongo mwingine uliokuwa tayari. Nikamwambia ndiyo, kilikuwemo, nimekiondoa.

Mzee alivua kofia. Nilidhani atanishukuru, nikaona haya mapema. Lakini uso wake ulikuwa umekaza.

"Mimi sikuomba hivyo," akasema. "Natoka nje kwa sababu nimechagua kutoka. Miguu ni yangu. Sasa umenifanya mtu wa kuzima nyimbo za watoto. Mama watoto angesikia hivyo angenigombeza." Alikohoa. "Yeye alikuwa anasema, huyu mtoto akiimaliza, uniamshe kama nimelala. Hukuwahi kuimaliza."

Mama alimsogezea kiti, kile kizuri cha mbao, akakiweka karibu na dirisha. Mzee akaketi na koti lake.

"Piga," akasema.

Nilimwambia sijakigusa tangu mwezi uliopita, kwamba kitakuwa na makosa. Akasema na yeye ana makosa, nipige.

Nilipiga. Sitasema kwamba nilipiga vizuri. Piano yetu ilikuwa na ufunguo mmoja uliokwama wakati wa baridi, na katika ukurasa wa pili nilisahau sauti mbili za kati nikazipita. Nilipofika ukurasa wa tatu nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi na kuizuia, na mimi sikusimama. Mikono ikapishana, wimbo ukaingia ndani, vidole gumba vikaubeba, ukatoka upande wa pili. Baada ya hapo kipande kina ukurasa mmoja tu, rahisi, unaorudi kwenye ile sauti ya chini mpaka inanyamaza. Nikaondoa mguu kwenye pedali.

Mama alikuwa amejifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mzee alikaa vile vile, kofia magotini.

"Kumbe ni fupi," alisema hatimaye. "Nilifikiri ni wimbo mrefu sana."

Alikaa nasi mpaka magharibi. Mama alipokwenda kuswali mzee alibaki amekaa na mimi, akaniuliza maswali juu ya piano, nyuzi zinakaaje, nani alizitengeneza, kwa nini kuna pedali. Hakumtaja tena mkewe. Alipoondoka alisema nisimtafutie njia, akitaka kutoka atatoka, na nikitaka kupiga nipige.

Nilimwambia mwalimu. Aliuliza kama nimewaandikia waandaaji, nikamkumbusha kwamba programu haibadilishwi. Alitikisa kichwa, akasema hilo analijua, alitaka tu kusikia kama ningejaribu.

Mashindano yalikuwa Aprili, katika ukumbi wenye viti vya bluu na dari ya mbao. Mama aliomba ruhusa kazini. Mzee alikuja naye, suti ile ile ya kijivu, wakakaa pembeni kwa sababu mama alitaka kuniona mikono. Nilipiga sonata, na ilipofika mwisho wa sehemu ile mzee, asiyejua kwamba watu hungoja mpaka programu iishe, akapiga makofi peke yake ukumbi mzima, mama akamfuata ili asiwe peke yake. Kipande cha mkono wa kushoto kilikwenda safi kuliko siku zote. Zile tofauti nazo zilikwenda safi. Nilipokuwa nainama mbele ya majaji niliona mmoja wao ameshika kalamu lakini haandiki, anaangalia saa ya ukutani.

Majina ya waliovuka yalibandikwa mlangoni kabla ya jioni. Langu halikuwemo. Kijana mmoja niliyesoma naye shule ya muziki alikuwa amevuka, na kipande chake cha hiari kilikuwa kirefu na cha kishindo, na kusema kweli alikipiga vizuri sana. Baadaye jaji mmoja, mwanamume mpole mwenye miwani, alinieleza kwamba nilipiga bila kasoro yoyote kubwa, ila alikuwa anasubiri kipande kitakachomwambia mimi ni nani, na kipande hicho hakikuja. Nilimshukuru. Alikuwa amesikia sawasawa.

Mwalimu alinisindikiza hadi kituo cha treni. Sikumsikia akisema kwamba alinionya, wala siku ile wala baadaye. Alinunua kahawa mbili, akaniambia kwamba yeye mwenyewe katika ujana wake aliwahi kuvuka hadi fainali kwa kipande kilichomhusu mama yake, na kwamba baada ya siku ile hakuweza kukipiga tena. Kisha treni yangu ikaja.

Ndani ya treni mzee aliwalaumu majaji kwa Kiganda, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, mpaka mama akacheka na mimi nikacheka. Tulipofika nyumbani alinishika bega mbele ya lifti akasema pole, neno moja tu, kwa namna tulivyomwambia yeye Novemba.

Kiangazi kile alihamia kwa binti yake, Sundbyberg. Tulimsaidia kufunga masanduku. Mkwewe aliponituma nikachukue taa kutoka chumba kile cha upande wetu, niliingia humo kwa mara ya kwanza. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa. Ukuta ulikuwa na karatasi ya maua ya kijani iliyofifia. Nikiwa nimeinama kuchomoa taa nilimsikia mama, upande wa pili, akiweka kijiko kwenye kikombe. Nilisimama hapo mpaka mkwe akaniita.

Mimi nilijaribu usaili wa chuo cha muziki mwaka uliofuata, na programu nyingine kabisa, nikakubaliwa. Tuliendelea kumtembelea mzee mara kwa mara, hasa mama. Alikuwa amepata kiti karibu na dirisha linalotazama reli, akawa anawafundisha wajukuu Kiswahili kwa nguvu, nao wanamjibu kwa Kiswidi.

Alifariki baada ya miaka michache, katika usingizi. Binti yake alinipigia simu akaomba nipige piano kanisani. Hakujua lolote juu ya kile kipande, nami sikumweleza. Alikuwa na nyimbo tatu za Kiganda alizotaka, ambazo baba yake alizipenda, na hazikuwa na noti popote. Shangazi yake aliziimba kwenye simu akiwa Entebbe, zikatumwa kwangu, sauti ya kikongwe na kuku nyuma yake. Nikakaa wiki moja nikizisikiliza na kuziandika, nikatafuta sauti za mkono wa kushoto zisizomwingilia mwimbaji.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa. Mama alikaa mbele safari hii, pamoja na wafiwa. Nilianza wimbo wa kwanza kwa mwendo niliojifunza, na watu wakainuka wakaimba polepole zaidi kuliko nilivyojiandaa, kila mstari wakiuvuta. Nikapunguza mwendo, nikawafuata.